Mjerumani wa jengo la KNCU: alikuwa nani, na ilikuwaje akawa mkulima Arusha?

Swali: "Shikamoo kaka. Nasoma usanifu majengo mwaka wa pili, kwetu Moshi. Mwalimu alitaja juu juu kwamba jengo la KNCU, ule ushirika wa kahawa, pale mjini na lile la makumbusho ya Uganda, Kampala, ni kazi ya mtu mmoja, Mjerumani anaitwa Ernst May, na kwamba kabla ya hapo alikuwa mkulima Arusha. Kama kwao alikuwa mkubwa hivyo ilikuwaje akaishia shambani? Na huku alifanya kitu cha maana au alikuja kutafuta hela tu kama wengine?"

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu hajakudanganya, ni mtu mmoja na kweli alilima Arusha. Hapo kwenye "kutafuta hela tu" ndio tutabishana kidogo. Mimi mwenyewe nilipoanza kumfuatilia nilidhani ni watu wawili wenye jina moja, yule wa kwenye vitabu vya Ulaya aliyejenga Frankfurt na huyu wa kwetu ambaye vitabu vile vile vinampa mistari miwili halafu vinaruka hadi siku aliyorudi Ujerumani, utadhani ile miaka ishirini alikuwa likizo.

Tuanzie kwao, maana bila Frankfurt humwelewi kabisa.

Kazaliwa Frankfurt 1886. Ujanani alisoma kidogo London, akarudi kuendelea Ujerumani, halafu kuanzia 1910 akawa tena Uingereza anafanya kazi kwenye ofisi ya Raymond Unwin. Huyu Unwin alikuwa mmoja wa wale wa miji ya bustani, watu waliosema mfanyakazi wa kiwandani asirundikwe kwenye vyumba visivyo na dirisha, apewe nyumba ndogo yenye jua na kipande cha kulima mboga, na mji ukijaa usiuvute kama mpira, acha ukanda wa kijani halafu anza mtaa mwingine ng'ambo. Huo ukanda wa kijani usiusahau, tutakutana nao Kampala na hapo hautapendeza sana. Kingine alichotoka nacho kule ni Kiingereza, na Kiingereza hicho ndicho kilikuja kumlisha mbele ya safari.

Baada ya Vita vya Kwanza, kuanzia 1919 hadi 1925, alikuwa Breslau (siku hizi ni Wrocław, Poland) anajenga nyumba za watu wa vijijini, nyumba za bei ndogo, michoro inayojirudia, milango na madirisha ya saizi moja. Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, akamwita nyumbani awe mkuu wa ujenzi wa jiji zima. Na hapa usisome kwa kuruka, maana wanafunzi wengi mnaangalia picha za majengo mnasahau kuuliza hela ilitoka wapi. Mfumuko wa bei wa 1923 Ujerumani ulikuwa umewafutia wenye nyumba za zamani madeni yao ya benki, mtu alikopa hela ya maana akaja kulipa kwa makaratasi. Serikali ikasema sawa, mmepata bure, basi tutawatoza kodi na kodi hiyo itajenga nyumba mpya. Kwa hiyo May alikalia kiti ambacho ardhi, hela na vibali vyote viko meza moja. Mimi nimefanya kazi miaka mingi sijawahi kukutana na meza ya hivyo, ukipata ardhi hela hakuna, hela ikija kibali kinazunguka ofisi nne.

Ndani ya miaka mitano wakajenga nyumba zaidi ya 10,000. Mtaa kama Römerstadt pekee una nyumba kama 1,200, zimepangwa juu ya bonde la mto Nidda kwa kufuata mkunjo wa ardhi, paa bapa, kila familia ya chini na bustani yake ya mboga. Kule Praunheim wakajaribu kitu kipya kwa wakati ule, ukuta hauungwi tofali kwa tofali, unatengenezwa kiwandani kama slabu kubwa za zege jepesi, unaletwa saiti, kreni inanyanyua, mafundi wanaunganisha.

Ila kitu kilichosambaa dunia nzima ni jiko. Aliyelichora ni Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu mwanamke kutoka Austria aliyekuwa kwenye timu yake, mwaka 1926, na nakutajia jina lake kwa makusudi maana mara nyingi sifa anapewa bosi. Jiko lina upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, basi. Alihesabu hatua za mama anayepika, kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko la gesi hadi kwenye meza ya kukatia iliyo chini ya dirisha, yenye tundu la kusukumia maganda. Ukutani kuna safu za vidroo vidogo vya aluminiamu vyenye mshikio na mdomo wa kumwagia, kila kimoja kimeandikwa jina, mchele, sukari, dengu, unakichomoa unamimina moja kwa moja kwenye sufuria. Unga wenyewe uliwekwa kwenye droo ya mti wa mwaloni kwa sababu mti ule unafukuza wadudu wa unga. Mlango ni wa kuteleza, ili mama akiwa anakoroga amwone mtoto sebuleni. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yalifungwa. Makabati haya ya ukutani ambayo mteja wako wa Goba anakwambia "nataka jiko la kisasa", babu yao ni lile.

Sasa na doa lake nalo nikwambie. Zile nyumba zilikusudiwa watu wa chini, lakini kodi ya pango wale wa chini kabisa hawakuiweza, waliohamia wengi walikuwa makarani na mafundi wenye kipato kizuri kidogo. Mwaka 1929 Frankfurt ikawa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa wasanifu wa Ulaya na mada ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, makazi ya mtu mwenye kipato kidogo kabisa yawe na nini na nini. Walikuwa wanalijua tatizo, dawa ndio ilikuwa ngumu.

Na mwaka huo huo uchumi wa dunia ukaanguka. Hela ya kujenga ikakauka. Oktoba 1930 May akakusanya timu ya watu kumi na kitu, Schütte-Lihotzky akiwemo, wakapanda treni kwenda Urusi ya Stalin, maana wale ndio walikuwa wanajenga miji mipya kutoka sifuri na wanatafuta wataalamu wa nje. Kidokezo tu: wakati nyumba zinachorwa na Wafrankfurt, viwanda vyao kama kile cha matrekta cha Stalingrad vilichorwa na ofisi ya Albert Kahn wa Detroit, naye mhamiaji, mzaliwa wa Ujerumani aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto. Kwa hiyo Wajerumani wawili, mmoja kupitia Frankfurt na mwingine kupitia Marekani, wanakutana kwenye nchi ya wakomunisti kuchora mahali pa kulala na mahali pa kufanyia kazi. Dunia ina vituko.

Urusi haikumwendea vizuri. Kazi kubwa ilikuwa Magnitogorsk, mji wa chuma kule milima ya Ural, na walipofika wakakuta ujenzi umeshaanza bila ramani yao, ubishi wa mji ukae upande gani wa maji, mbao hakuna, vioo hakuna, watu wanaishi kwenye mahema na mabanda. Halafu wakubwa wa Moscow wakabadilika ladha, hawataki tena majengo ya mistari mitupu, wanataka nguzo na mapambo kama ya kifalme. Mwisho wa 1933 akaondoka.

Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Aende wapi? Ujerumani Hitler ameshashika madaraka tangu Januari ile, na kwa Wanazi May ni Mbolshevik, yaani Mkomunisti, ameenda kumfanyia kazi Stalin, hana pa kuweka mguu. Wasanifu wenzake walitawanyika. Gropius aliishia Harvard, Mies van der Rohe Chicago, Bruno Taut alifia Uturuki. Schütte-Lihotzky naye alipita Uturuki, akajiunga na waliopinga Wanazi, akakamatwa Vienna akafungwa hadi vita inaisha, na bado akaishi hadi Januari 2000, zilibaki siku chache tu afikishe miaka 103. May yeye akachagua Tanganyika.

Watu wanashangaa, mimi sishangai sana. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza ila ilikuwa koloni la Wajerumani hadi Vita vya Kwanza, walowezi wa Kijerumani walikuwa wamejaa kule kaskazini, Kiingereza anakijua, na mzungu mwenye akiba kidogo alipata ardhi kwa urahisi ambao babu zetu wenye ardhi hawakuupata. Hili la mwisho tulitaje tu wazi, maana simulizi za mkimbizi mnyonge zinatuchanganya. Alikuwa mkimbizi kweli, na alikuwa mlowezi kweli, vyote viwili kwa wakati mmoja. Mwaka 1934 akatua na mke na watoto wawili wa kiume, akanunua shamba karibu na Arusha, akawa mkulima. Mtu aliyekuwa na ofisi ya jiji zima, sasa anahangaika na mvua na vibarua.

Akajijengea nyumba, akalima miaka kama mitatu, mwaka 1937 akauza shamba akahamia Nairobi kurudi kwenye kazi yake. Nairobi ndiko wateja walikokuwa. Akaanza na nyumba za watu binafsi, maghorofa ya kupangisha kama Delamere Flats, maduka. Vita ya Pili ilipoanza Waingereza wakamkamata na kumweka kizuizini kama raia wa nchi adui, yaani Hitler alimwona Mkomunisti, Waingereza wakamwona Mjerumani. Alipotoka akaendelea alipoishia.

Na sasa ndio sehemu ambayo mimi naiona ya muhimu kuliko zote, uisome taratibu.

Ukiangalia kazi zake za Afrika Mashariki utaziona ziko mafungu mawili. Kuna zile alizofanya kwa ajili ya serikali ya kikoloni au akiwaza kama serikali, na kuna zile alizoagizwa na watu wa huku wenyewe, vyama vyao na jumuiya zao. Za fungu la kwanza karibu zote zina kasoro moja ile ile. Za fungu la pili ndizo nzuri, na jengo lenu la Moshi limo humo.

Fungu la kwanza mfano wake ni Kampala. Mwaka 1945, mwaka ulioanza na migomo na fujo Buganda, serikali ya Uganda ikamwita achore upanuzi wa mji upande wa mashariki, ripoti ikatoka 1947. Ukiitazama kama kazi ya kuchora ni safi. Kampala ni vilima na mabonde, yeye hakupiga mistari ya mraba kama ya kwenye daftari, barabara za Kololo na Naguru akazizungusha kwa kufuata kiuno cha kilima, mabonde akayaacha kijani. Hata leo ukipanda Kololo kwa bodaboda unazisikia zile kona mwilini. Lakini sasa nani anakaa wapi? Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika Naguru, na kati yao ule ukanda wa kijani niliokwambia uushike. Kule kwa Unwin ulikuwa mapafu ya mji, huku ukafanya kazi ya ukuta. Na Mengo, mji wa Kabaka, ambako Waganda wenyewe walikuwa wanaishi kwa maelfu siku zote, ukabaki nje ya mpango, kana kwamba si Kampala. Ripoti yenyewe inamwongelea Mwafrika kama mtoto wa shule, afundishwe kuishi mjini hatua kwa hatua, aanze na kibanda, akikomaa apewe nyumba bora. Huyu ni yule yule aliyesema Frankfurt kwamba nyumba nzuri ni haki ya kila mtu. Hakubadilika mikono, mikono ni ile ile, ila pale Frankfurt bosi wake alikuwa meya aliyewekwa na baraza la jiji lililopigiwa kura na wakazi, na Kampala bosi wake hakuchaguliwa na mtu yeyote anayeishi Naguru.

Kitu kingine cha fungu hilo ni ile nyumba yake ya zege ya kuning'iniza, kipindi hicho hicho cha katikati ya miaka ya 40. Alitaka kurudia ya Praunheim. Mbavu za zege zilizopinda zinasimamishwa kama upinde, halafu slabu zinatundikwa juu yake, ukuta na paa ni kitu kimoja, umbo linafanana fanana na nyumba za msonge alizoziona huku. Wazo lilikuwa mafundi wachache bila ujuzi mkubwa wajenge nyumba nyingi za Waafrika kwa haraka. Jaribio lilifanyika, haikwenda popote. Na ukikaa na kalamu utaona kwa nini. Zege zito ulisafirishe kwa lori kwenye barabara za vumbi za wakati ule, saruji yenyewe ghali, wakati udongo na miti viko pale pale na fundi anayevijua yuko pale pale kwa gharama ya pombe na chakula. Halafu ukuta uliopinda, kabati utaliegemeza wapi? Kitanda utakisogeza hadi wapi kabla hujagonga kichwa ukiamka? Msonge wa kweli unaumudu mpindo kwa sababu ulijengwa na watu wasio na kabati. Frankfurt alihesabu hatua za mama jikoni, huku sioni dalili kwamba kuna mama aliyehesabiwa hatua.

Haya, fungu la pili. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianzishwa 1933 juu ya mgongo wa chama cha kabla yake cha 1925. Baada ya vita bei ya kahawa ikapanda sana na Wachagga wakawa na hela ya chama, hela yao wenyewe, si ya msaada. Wakaamua kujenga mjini jengo la kwao, lenye ofisi, maduka, ukumbi na mahali pa kulala mgeni aliyeshuka kutoka mlimani. Fikiria maana yake kwenye mji wa kikoloni wa wakati ule, ambapo katikati ya mji ni kwa Wahindi na Wazungu na Mwafrika anakuja kuuza na kuondoka kabla ya giza. Ghafla mkulima wa Kibosho ana mlango wake katikati ya mji. Wakamwajiri May, yule aliyekuwa mlowezi wa shamba la jirani, akachora, mwishoni mwa miaka ya 40 kuingia 50. Safari hii Mwafrika si "mtu wa kufundishwa", ni mteja, ndiye anayelipa, na mteja anayelipa unamsikiliza. Nakwambia kwa uzoefu.

Kundi lingine lililompa kazi nzuri ni Waismailia, watu wa Aga Khan. Shule ya wasichana Kisumu ni yake. Kisumu joto lake unalijua, la ziwani, linalonata. Pale anaonekana ameshajifunza. Mombasa akachora Oceanic Hotel, mwanzoni mwa miaka ya 50, jengo limepinda kama upinde kuelekea Bahari ya Hindi ili vyumba vyote vipate bahari na upepo. Na Kampala tena, safari hii akiwa mzuri, jengo la makumbusho pale Kitante lililofunguliwa 1954. Makumbusho yenyewe yalianza 1908, yakahamahama hadi kuazima nafasi Makerere, hilo likawa jengo la kwanza kujengwa kwa ajili yao. Mwanga unaingia kwa juu, hewa inapita yenyewe. Miaka ya 2010 kulikuwa na mpango wa kulivunja wajenge mnara wa biashara, watu wakaenda hadi mahakamani, jengo bado lipo.

Sasa kama mwanafunzi, nikuoneshe alichojifunza, maana hapo ndipo utaiba kitu. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta. Jua letu linapita karibu juu ya utosi, katikati ya mwaka linaegemea kaskazini, kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi linaegemea kusini, ila halitoki mbali na utosi. Chukua dirisha lenye urefu wa mita 1.2 kwenda juu, linaloangalia kaskazini. Juni, jua limeegemea kaskazini kuliko siku zote, saa sita mchana kivuli cha zege kinachotokeza kama sentimita 60 juu ya dirisha kinatosha kulifunika lote. Sentimita 60 tu. Sasa dirisha lile lile ligeuze magharibi, saa kumi jioni jua liko nyuzi kama 30 juu ya upeo, ukitaka kulifunika kwa kivuli cha juu unahitaji zaidi ya mita mbili. Mita mbili! Ndio maana msanifu anayejua kazi huku analaza jengo refu kwa mstari wa mashariki-magharibi, pande ndefu zenye madirisha ziangalie kaskazini na kusini, zile ncha fupi za mashariki na magharibi anaziziba au anaziwekea ngazi na vyoo. Halafu chumba kinakuwa chembamba, dirisha huku na dirisha kule, upepo uingie na utoke. Na kibaraza kirefu mbele, ambacho kwa waswahili si kitu kipya, baraza tulikuwa nayo kabla ya May kuzaliwa.

Kinachochekesha ni kwamba kule Frankfurt walifanya kinyume chake kwa sababu ile ile. Kule jua ni adimu, kwa hiyo safu nyingi za nyumba walizilaza ili vyumba vipate jua la asubuhi na la jioni, yaani lile lile la mashariki na magharibi ambalo huku ni adui. Mtu aliyeshika kanuni kichwani kama kasuku angekuja kurudia huku na kuwakaanga watu. Yeye alishika sababu, kanuni akaitupa. Mimi nina mteja mmoja, simtaji, alinilazimisha kuweka ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi kwa sababu aliona kwenye picha za nyumba ya Ulaya. Nilibishana wiki tatu nikashindwa. Sasa hivi amefunga mapazia mazito kama ya ukumbi wa sinema na viyoyozi viwili, kile kioo hakijawahi kuonekana tangu ahamie.

Hukuuliza, ila najua utajiuliza kwa nini aliondoka. Mwisho wa 1953 kuingia 1954 akarudi Ujerumani, Kenya ikiwa kwenye hali ya hatari ya vita ya Mau Mau tangu Oktoba 1952. Miji ya Ujerumani ilikuwa vifusi, wanahitaji nyumba kwa malaki, na kampuni kubwa ya nyumba ya vyama vya wafanyakazi, Neue Heimat ya Hamburg, ikampa idara ya mipango. Alikuwa na umri wa kustaafu, miaka 67, akaanza upya tena, akashiriki kwenye mitaa mikubwa kama Neue Vahr ya Bremen yenye nyumba kama 10,000. Kazi ya wingi, kama Frankfurt ya zamani ila minara mirefu zaidi na kwa macho yangu yenye roho kidogo. Alifariki Hamburg, Septemba 1970.

Kwa hiyo alikuja kutafuta hela? Alikuja kujificha, akabaki kwa sababu kazi zilipatikana, na kazi bora alizozifanya huku zililipiwa na kahawa ya Kilimanjaro na michango ya jamatkhana, nyumba za ibada za Waismailia. Ukiandika insha yako usiniandikie "May aliuleta usasa Afrika Mashariki", mwalimu atakupa alama lakini mimi nitakucheka. Andika nani alilipa jengo lipi, halafu linganisha majengo.

Na kwa kuwa uko Moshi una bahati ambayo wanafunzi wa Ujerumani wanaitafuta kwa tiketi ya ndege. Nenda pale KNCU siku ya jua, ingia saa saba mchana, kaa tu kwenye korido dakika kumi usifanye chochote, uone unavyojisikia mwili. Halafu vuka barabara uingie kwenye moja ya haya majengo mapya ya vioo ukae dakika kumi zile zile, kabla hawajawasha jenereta. Rudi tena KNCU saa kumi jioni, zunguka nje uangalie upande wa magharibi wameweka nini, ukuta, ngazi au madirisha, na vivuli vya juu ya madirisha vinatokeza kiasi gani. Beba tepu. Usiniletee picha za simu peke yake, niletee vipimo.